Kisu kiitwacho 'Kazi' hakifanyi kazi, lakini picha yake inauza

WANUNUZI wa visu vya kukusanya huko Marekani na Ulaya wamefikia hatua ya kukubaliana bei kwa kutazama picha iliyopigwa porini, huku kisu chenyewe kikiwa bado kabatini kwa muuzaji, pengine umbali wa siku kadhaa kwa posta. Picha nzuri huuza haraka. Picha mbaya hulaza mali. Picha ya ujanja humwumiza mnunuzi mwenye haraka.

Utaratibu wenyewe unachekesha ukiutazama kwa mara ya kwanza. Mtu mzima mwenye kazi yake, Jumapili asubuhi, anafunga kisu chake cha mamia ya dola ndani ya kitambaa laini na kuingia nacho msituni. Anachagua gogo lililoota kuvumwani au jiwe la kando ya kijito. Anakilaza kisu hapo, anakigeuza geuza, anapiga picha thelathini au arobaini. Kisha anakifuta alama za vidole, anakipaka mafuta kidogo na kukirudisha ndani ya boksi lake. Hakikukata tawi. Hakikukata hata kamba ya viatu.

Msomaji aliyezoea habari za korosho, kahawa na hisa anaweza kuuliza mambo haya yanaingiaje katika ukurasa wa masoko. Yanaingia kwa mlango wa kawaida kabisa. Kuna bidhaa, kuna wauzaji na wanunuzi, kuna madalali, kuna walanguzi, kuna mali za bandia, na kuna bei inayopanda na kushuka. Mnunuzi wa kahawa hatoi fedha kabla ya kuiona na kuionja sampuli. Katika soko la visu picha ndiyo sampuli, isipokuwa kwamba sampuli hii ameitengeneza muuzaji mwenyewe, kwa mwanga aliouchagua yeye.

Foleni ndiyo iliyozaa soko

Biashara hii si ya jana. Jarida la American Blade lilianza kutoka mwaka 1973, na kila mwaka wakusanyaji, mafundi na madalali hukutana Atlanta, katika jimbo la Georgia, kwa maonyesho makubwa yaitwayo Blade Show. Wapo wanaofika na mkoba mtupu na kuondoka na visu, na wapo wanaofanya kinyume chake.

Lakini chanzo cha biashara ya mkono wa pili, kwa maoni ya ukurasa huu, ni foleni. Karakana ya Randall ya Orlando, Florida, ilianza kutengeneza visu mwishoni mwa miaka ya 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili jina lake likawa kubwa kiasi kwamba anayeagiza kisu moja kwa moja karakanani hungoja miaka kadhaa. Asiyetaka kungoja hununua kwa mtu aliyekwisha kungoja, na hulipia muda wa mwenzake. Hiyo ndiyo faida ya mlanguzi, wala haina siri nyingine.

Foleni hiyo hiyo ilizaa mshindani. Katika miaka ya 1950 baharia mmoja wa meli za biashara, Bob Loveless, aliingia katika duka la Abercrombie & Fitch mjini New York akitaka kisu cha Randall. Akaambiwa atangoja miezi tisa. Akaenda zake, akatengeneza kisu chake kutokana na springi ya gari kuukuu aina ya Packard, na baadaye duka lile lile likawa linauza visu vyake. Loveless alifariki mwaka 2010 huko Riverside, California. Kufikia wakati huo visu vyake vilikuwa vikiuzwa kwa maelfu ya dola, na vya bandia vyenye jina lake vilikuwa vimekwisha kuingia sokoni.

Fundi akifariki, idadi ya visu vyake haiongezeki tena. Idadi ya visu vya bandia huendelea kuongezeka.

Kisu kiitwacho Kazi

Mfano unaoeleza soko la leo vizuri zaidi ni wa Chris Reeve, fundi kutoka Afrika Kusini aliyehamia Boise, jimbo la Idaho, mwaka 1989. Kisu chake cha kukunja alikiita Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Mpini wake ni vipande viwili vya titani. Kipande kimoja kimekatwa upenyo mwembamba kwa urefu, kikawa kinapinda kama springi na kuukaba ubapa usijifunge mtu anapokata. Ufundi huo umeigwa na viwanda vingi tangu hapo, vya bei kubwa na vya bei ndogo.

Sasa tazama kinachotokea kisu hicho kikifika sokoni. Titani iliyopulizwa mchanga kiwandani huwa na rangi ya kijivu iliyotulia. Ikigusana na funguo au sarafu mfukoni, hubaki michirizi inayong'aa ambayo wakusanyaji huiita njia za konokono. Michirizi hiyo haipunguzi chochote katika ukataji. Kisu kinakata nyama, mboga na kamba kama kawaida. Lakini bei inashuka siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwenye Sebenza anayefikiria kuja kuiuza haitii mfukoni. Kisu kilichopewa jina la Kazi kinakaa bila kazi, kinatolewa Jumapili kwenda kupigwa picha, kinarudi kulala. Visu vya namna hii wakusanyaji wenyewe huvitania kwa jina la malkia wa sefu.

Hapo pana jambo la kutafakari kwa mtu wa biashara. Mnunuzi anataka kisu ambacho hakijawahi kutumika, lakini anataka kukiona mahali ambapo kingetumika. Kisu hicho hicho kikipigwa picha juu ya meza ya jikoni chini ya taa ya umeme kinaonekana kama chombo kilichookotwa katika droo. Kikilazwa juu ya gogo lenye unyevu, nyuma yake majani yakiwa hayaonekani sawasawa, mnunuzi anajiona yuko safarini, moto umewashwa na samaki yuko tayari. Chuma hakijabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni haraka ya mnunuzi kutoa fedha.

Wingu ni rafiki wa muuzaji

Sababu ya kwenda nje si mapambo peke yake. Ubapa uliong'arishwa ni kioo. Ndani ya nyumba utaona humo taa, dirisha, kamera na hata kofia ya mpiga picha. Mashabiki wengi hudhani chujio la kuondoa mng'ao, lile linalosaidia juu ya maji na vioo vya magari, litaondoa na mng'ao wa chuma. Haliondoi, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye chuma kitupu hauna tabia ile ile ya mwanga unaorudi kutoka kwenye maji.

Dawa ni kukipa kioo hicho kitu kizuri cha kuonyesha. Siku ya mawingu mepesi anga lote linakuwa taa moja kubwa nyeupe na laini. Ubapa unaonyesha weupe mtulivu, mistari ya kinu cha kunolea inaonekana, na mpini haupati kivuli kikali. Asiye na mawingu hutafuta kivuli cha mti, kisha humwekea mtu mwingine kazi ya kushika karatasi nyeupe upande wa pili ili kurudisha mwanga. Karatasi ya senti kumi inafanya kazi ya taa ya dola mia mbili.

Tatizo linabaki kwa mipini myeusi. Mpini mweusi na ubapa mweupe katika picha moja huishinda kamera: ama ubapa unaungua ukawa doa jeupe, ama mpini unakuwa shimo jeusi. Anayejua kazi yake husogeza kisu kidogo kidogo mpaka ubapa uonyeshe sehemu ya anga yenye rangi hafifu zaidi, au sehemu ya miti.

Hapa sasa ndipo mnunuzi anapotakiwa kufungua macho. Mwanga ule ule laini unaopendezesha kisu ndio unaoficha mikwaruzo. Mkwaruzo ni mfereji mdogo. Mwanga ukitoka kila upande, mfereji haupati kivuli, na bila kivuli hauonekani. Jua la asubuhi au jioni likipiga kutoka ubavuni, kila mfereji unapata ukingo wenye mwanga na ukingo wenye giza, na mikwaruzo yote hujitokeza kama mitaro ya shamba lililolimwa.

Muuzaji mwenye picha kumi zote za siku ya mawingu huenda ni mtu anayependa picha nzuri tu. Huenda pia ana sababu. Mwombe picha mbili za jua la ubavuni, moja ya kila upande wa ubapa. Muuzaji wa kweli ataipiga kesho yake. Akianza kusimulia habari za kamera iliyoharibika, fedha zako zibaki mfukoni.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua saa ya mkono kwa kutazama picha moja tu, iliyopigwa juu ya mchanga wa pwani jua likitua. Ilipofika, kioo kilikuwa na ufa. Ufa ulikuwa umelazwa sambamba na mstari wa wimbi. Tangu siku hiyo naomba picha ya pili hata ninaponunua kabati.

Nukta za Bradford

Visu vya zamani vinahitaji macho makali kuliko vipya. Chukua visu vya mfukoni vya kampuni ya Case, ambayo makao yake yako Bradford, Pennsylvania, tangu mwaka 1905, na ambayo ilinunuliwa mwaka 1993 na Zippo, watengenezaji wa viberiti vya petroli wa mji huo huo. Visu hivi vina wakusanyaji wengi kwa sababu vinajieleza umri. Alama imegongwa chini ya ubapa, karibu na bawaba. Kati ya mwaka 1940 na 1964 ilikuwa CASE XX. Kuanzia 1965 hadi 1969 yakaongezwa maneno ya U.S.A. Mwaka 1970 zikawekwa nukta kumi chini ya alama, na kila mwaka nukta moja ikaondolewa. Nukta saba, kwa mfano, ni mwaka 1973. Mwaka 1980 nukta zikaanza upya kutoka kumi, safari hii herufi S ikiwa na umbo la radi.

Kwa mwekezaji mdogo huu ni msaada mkubwa, kwani tofauti ya mwaka mmoja katika modeli moja yaweza kubadili bei. Lakini nukta ni kitu kidogo, na msasa ni kitu cha rahisi. Kisu cha mwaka 1964 kilichopitishwa kwenye gurudumu la kung'arishia hung'aa kuliko siku kilipotoka kiwandani. Pichani, juu ya jiwe kandoni mwa maji, kinavutia sana. Mkusanyaji mzoefu hakitaki, kwa sababu gurudumu limekula chuma cha asili, limeviringisha kingo na kufifisha alama. Kisu chenye madoa ya kijivu ambacho hakijaguswa humpa muuzaji zaidi kuliko kilichong'arishwa na fundi wa mtaani.

Katika picha, tazama herufi. Zikiwa kali na kingo zake zimesimama, hiyo ni dalili njema. Zikionekana kama zimeandikwa kwenye sabuni iliyotumika, ubapa umepita kwenye gurudumu. Omba pia picha ya kisu kikiwa kimefungwa, imepigwa kutoka juu. Itakuonyesha kama ubapa unakaa katikati au unagusa upande mmoja, na kama umenolewa mara nyingi hadi ukapungua upana. Ukiweza, weka kando picha ya modeli hiyo kutoka orodha ya zamani ya kiwanda na ulinganishe. Chuma kilichokwisha kuondolewa na jiwe la kunolea hakirudi.

Kwa visu vipya vya bei kubwa karatasi zina uzito. Sebenza hutoka na kadi yenye tarehe ya kuzaliwa kwa kisu chenyewe, na wakusanyaji huitaka pamoja na boksi. Aidha, kiwanda hupokea visu vilivyotumika na kuvirudishia sura ya upya. Si udanganyifu huo, ni huduma halali, na anayetaka kisu cha kutumia atafurahi. Lakini kisu kilichokwenda kiwandani na kurudi hakihesabiwi sawa na kile ambacho hakijawahi kutoka kwenye boksi, na picha pekee haiwezi kukutenganishia. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi.

Kuna pia wizi wa picha. Tapeli hahitaji kuwa na kisu. Anahitaji picha ya kisu cha mtu mwingine. Wakusanyaji walijitafutia kinga ya bei nafuu: mnunuzi anaomba picha mpya ambamo kando ya kisu kuna kipande cha karatasi chenye jina la muuzaji na tarehe ya siku hiyo, yameandikwa kwa mkono. Anayeona aibu kuomba karatasi hiyo atalipia aibu yake.

Porini kuna hasara yake

Muuzaji naye ana hatari zake, na nyingi hutokea katika dakika zile kumi za picha. Jiwe hukwaruza titani na chuma. Kuchomeka ncha kwenye kisiki, pozi linalopendwa na wapiga picha wapya, ndiko huvunja au kupinda ncha. Ncha iliyopinda milimita moja ni punguzo la bei ambalo hakuna picha itakayolirudisha.

Vidole vya mtu vina chumvi na unyevu. Chuma cha kaboni kikishikwa na kuachwa usiku kucha kinaweza kuamka na alama ya dole gumba yenye kutu. Majani mabichi na gome lenye maji hufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana wazoefu hubeba kitambaa na mafuta pamoja na kamera.

Ala ya ngozi ni mtego mwingine. Inapendeza sana pichani, lakini kisu hakipaswi kuhifadhiwa ndani yake. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuitengenezea hula shaba ikaota ukungu wa kijani na kuacha madoa kwenye ubapa. Vibaya zaidi ni mipini ya zamani ya seluloidi, ile plastiki ya mwanzo yenye rangi za kuvutia. Seluloidi ikizeeka hutoa hewa ya asidi inayoshambulia chuma chake yenyewe na visu vya jirani. Aliyepanga visu vyake vyote katika droo moja anaweza kukuta kimoja kimewaambukiza wengine. Mali ya namna hiyo huwekwa peke yake, mahali penye hewa.

Na si kila kisu kinachopendeza porini kina faida sokoni. Opinel, kisu cha mpini wa mti kutoka Savoie nchini Ufaransa, kilianza mwaka 1890. Saizi zake namba 1 hadi 12 zilipangwa mwaka 1897, mkono wenye taji ukawa alama yake mwaka 1909, na pete ya kukaba ubapa ikaongezwa mwaka 1955. Kando ya mkate na jibini, juu ya nyasi za mlimani, hakuna kisu kinachokishinda kwa haiba. Kisu kipya cha namba 8 hakizidi sana bei ya chakula cha mchana katika jiji la Ulaya. Hakuna foleni. Kiwanda kinatengeneza, duka linauza, na anayekitaka anakipata leo. Unaweza kukipiga picha elfu moja, bei haitatikisika. Mwenye Opinel ana bahati moja ambayo mwenye Sebenza hana: anakata mkate wake.

Sheria kabla ya safari

Mashabiki wa Idaho wana misitu mipana na sheria pole. Kwingine mambo ni tofauti. England, kwa sheria ya mwaka 1988, kubeba kitu chenye ubapa au ncha mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa. Kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi tatu kimeachwa, lakini mahakama zimeamua kwamba kile kinachojikaba hakimo katika msamaha huo. Sebenza hujikaba. Mkusanyaji mwangalifu wa huko huenda akapigia picha zake zote katika bustani ya nyumbani kwake, na gogo unaloliona pichani likawa lilinunuliwa dukani.

Japani, nchi yenye mji wa Seki unaosifika kwa visu, hairuhusu mtu kutembea na kisu chenye ubapa unaozidi sentimita sita bila sababu halali. Marekani yenyewe ina sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 inayobana biashara ya visu vya kujifyatua kwa springi kutoka jimbo hadi jimbo na kutoka nje. Anayenunua kwa picha akiwa nchi nyingine aanze kwa kuuliza forodha ya nchi yake. Kisu kilichokamatwa bandarini kina thamani ya sifuri, hata kiwe na nukta ngapi.

Pembe na mpingo

Kwa upande wa Afrika Mashariki, soko hili linatugusa kwenye mpini. Kwa miaka mingi visu vya fahari vilivalishwa pembe za ndovu. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi aliwasha moto tani 12 za pembe jijini Nairobi, na mwaka huo huo Mkataba wa CITES ukapiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Marekani ilikaza sheria yake mwaka 2016, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Vighairi vipo, hasa kwa vitu vya kale vinavyothibitishwa umri, lakini uthibitisho ni mzigo wa mwenye mali.

Matokeo yake ni mtaji uliofungiwa. Aliyenunua kisu cha pembe za ndovu miaka ya 1980 kwa bei kubwa anacho kitu kizuri ambacho katika sehemu nyingi hawezi kukiuza. Hata kukipiga picha nje anaogopa, kwa kuwa pembe ikikaa kwenye jua kali hukauka na kupasuka. Baadhi ya mafundi wamehamia kwenye mfupa, pembe za kulungu, meno ya ngiri, na mti.

Katika miti, mpingo una heshima yake. Ndio huo mti wa Lindi na Mtwara unaotengenezewa klarineti: mzito kiasi cha kuzama majini, mweusi, unaokubali kung'arishwa bila rangi wala vanishi. Tangu Januari 2017 umo katika orodha ya pili ya CITES pamoja na karibu jamii yake yote. Anayetaka kusafirisha vipande vibichi vya mipini lazima awe na kibali. Bidhaa zilizokamilika zimeachiwa mradi mbao yake haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, na mipini ya visu ni vitu vya gramu chache. Mwenye karakana na wateja wa nje aisome sentensi hiyo mara mbili. Na aukaushe mti wake taratibu, kwani mpingo uliokaushwa kwa pupa hupasuka baada ya kufika kwa mteja, na mteja huyo naye ana kamera.

Hesabu ya mwisho wa mwaka

Tuseme umenunua kisu kwa dola 400. Umekitunza miaka miwili, hujakitia mfukoni, umekipiga picha nzuri, na bei imepanda hadi dola 450. Mnada unachukua asilimia 10, yaani dola 45. Posta na bima dola 20. Mkononi zimebaki dola 385. Bei imepanda kwa asilimia 12.5 na wewe umepata hasara ya dola 15, bila kuhesabu miaka miwili ya kisu kisichofanya kazi.

Ndiyo maana wanaopata faida ya kweli ni makundi machache. Wapo walioingia kwenye foleni ya karakana mapema na kulipa bei ya karakana. Wapo wanaojua kusoma alama na kununua kutoka kwa warithi wasiojua walichonacho, biashara ambayo kila mtu atajipimia mwenyewe uhalali wake. Na wapo wanaonunua kisu kizuri kilichopigwa picha mbaya, wakakifuta, wakangoja siku ya mawingu.

Kundi hili la mwisho halihitaji mtaji mkubwa. Kisu kilichopigwa picha juu ya zulia usiku, kikiwa na kivuli cha kichwa cha mwenyewe na alama ya kiwanda isiyosomeka, hupitwa na wengi. Mwenye kuomba picha ya pili, ya mchana, imepigwa karibu na bawaba, mara kwa mara hujikuta peke yake sokoni.

Msimu wao unaanza Oktoba, majani ya kaskazini yanapogeuka rangi ya dhahabu na kila mwenye kamera anaingia msituni. Picha huongezeka, na wanunuzi pia. Zulia nalo halikosi kuwepo.